Kupima Shinikizo la Damu Mapafuni mwa Mbwa kwa Mawimbi ya Sauti

Mbwa aliyezoea kukimbia bila taabu huanza kuhema hata akiwa amelala. Siku nyingine, akimrukia bwana wake kwa furaha, huanguka na kuzirai kwa muda mfupi. Dalili hizi zaweza kuletwa na magonjwa mengi. Mojawapo ni kuzidi kwa shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa usioweza kuthibitishwa kwa kusikiliza kifua peke yake.

Moyo wa mbwa, kama ule wa mwanadamu, una vyumba vinne. Chumba cha chini cha kulia husukuma damu mapafuni kupitia ateri ya mapafu. Kwa kawaida kazi hiyo ni nyepesi: katika mbwa mwenye afya, shinikizo la juu la ateri hiyo halizidi sana milimita 25 za zebaki. Mishipa ya mapafu ikiharibiwa na maradhi, ikizibwa na damu iliyoganda, au ikiingiliwa na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, shinikizo hupanda. Hupanda vilevile upande wa kushoto wa moyo unaposhindwa kazi na damu kurundikana mapafuni.

Njia ya kulipima moja kwa moja ni kupitisha mrija mwembamba mshipani hadi moyoni, jambo la hatari kwa mnyama dhaifu. Kwa sababu hiyo hutumiwa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, yasiyosikika hata kwa sikio la mbwa. Mwangwi wake hutoa picha ya moyo unaopiga. Zaidi ya hayo, mawimbi yakigonga chembe za damu zinazokwenda, idadi ya mitetemo ya mwangwi hubadilika, kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Kutokana na badiliko hilo, mashine hukokotoa kasi ya damu.

Lakini kinachotafutwa ni shinikizo, si kasi. Hapa kasoro moja ya moyo huwa msaada. Kati ya chumba cha juu na cha chini cha kulia pana vali, na mara nyingi vali hiyo huvuja, damu ikarudi nyuma. Tofauti ya shinikizo kati ya vyumba hivyo, kwa milimita za zebaki, ni takriban mara 4 ya mraba wa kasi ya damu hiyo, kwa mita kwa sekunde. Kasi ikiwa 2, tofauti ni 4 × 2 × 2, yaani 16. Kasi ikiwa 4, tofauti ni 64. Kasi ikizidi maradufu, shinikizo huzidi mara nne. Kwa hiyo kosa dogo katika kuelekeza kipimio huzaa kosa kubwa katika jibu.

Tena, tarakimu hiyo haitoshi peke yake. Njia ya kutokea moyoni ikiwa nyembamba, kasi hupanda ijapokuwa mapafu ni mazima. Na moyo uliochoka hauwezi kusukuma kwa nguvu: kasi hushuka, na ugonjwa mkubwa huonekana mdogo. Ndiyo sababu mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2020 huitaka kasi inayozidi mita 3.4 kwa sekunde iambatane na ishara nyingine: chumba cha chini cha kulia kilichotanuka au kunenepa kuta, ateri ya mapafu iliyopanuka, au chumba cha juu cha kulia kilichovimba.

Uangalifu huo una maana kubwa katika tiba. Dawa ya sildenafili hulegeza mishipa ya mapafu na kumpa nafuu mbwa anayezirai. Lakini ikiwa chanzo ni upande wa kushoto wa moyo, damu nyingi zaidi hufika mahali palipokwisha kulemewa, na mapafu yaweza kujaa maji. Kwa hiyo kujua kwamba shinikizo limepanda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua kwa nini.