Taurati, Injili na Msahafu: Asili na Matumizi

Majina ya maandiko matakatifu yanayotumika katika Kiswahili hayawezi kubadilishana kiholela, kwa kuwa kila moja limebeba historia ya kitabu chake. Taurati, Zaburi, Injili na Kurani yaliingia kwa njia ya Kiarabu, lakini asili ya baadhi yake ni ya mbali zaidi.

Taurati ina chimbuko katika neno la Kiebrania lenye maana ya mafundisho. Kwa maana mahususi, ni vitabu vitano vya mwanzo vya Wayahudi, ambavyo hufuatwa na Manabii na Maandiko. Mkusanyo huo uliandikwa kwa karne nyingi, kwa Kiebrania na sehemu chache kwa Kiaramu. Wakristo huuita Agano la Kale. Wayahudi hawatumii jina hilo, maana kwao hakuna Agano Jipya.

Injili ni neno la asili ya Kigiriki, lenye maana ya habari njema. Kwa Wakristo, Injili ni nne: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Zote ziliandikwa kwa Kigiriki, na wataalamu wengi huona kwamba nyaraka za Paulo zilizitangulia. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama ilivyo leo imo katika barua ya Athanasius, Askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Kwa Waislamu, hata hivyo, Injili ni kitabu kimoja alichoteremshiwa Nabii Isa.

Kurani maana yake ni kisomo. Kwa mapokeo ya Kiislamu, Mtume Muhammad aliteremshiwa aya zake kwa takriban miaka 23, hadi alipofariki mwaka 632. Zilihifadhiwa vifuani na kuandikwa vipande vipande, zikakusanywa wakati wa Abu Bakr, kisha Khalifa Uthman (644–656) akasambaza nakala rasmi. Nakala iliyoandikwa ndiyo msahafu. Kwa hiyo mtu huhifadhi Kurani, bali hufungua msahafu.

Mfasiri anapokutana na sentensi "Waislamu wanaamini Injili", hana budi kutambua ni Injili ipi inayokusudiwa. Akiandika "Injili nne", atakuwa amewatwika Waislamu imani isiyo yao. Na akimwandikia Mkristo "Injili aliyoteremshiwa Yesu", atakuwa amefanya kosa lilo hilo kwa upande wa pili.