Utomvu wa mgomba na nguo isiyoshika moto

Aliyewahi kukata mkungu wa ndizi Bukirasazi, au popote pengine kwenye vilima vya Gitega, Burundi, anaujua utomvu wa mgomba. Ukidondokea shati jeupe huonekana kama maji tu. Kesho yake ni doa la kahawia lisilosikia sabuni wala jua. Ndiyo maana nguo ya kuendea migombani ni ile iliyokwisha kuchakaa.

Utomvu huohuo, watafiti wa taasisi ya teknolojia ya pamba ya CIRCOT, mjini Mumbai, India, waliujaribu kama kinga ya moto katikati ya miaka ya 2010. Walikamua magogo ya migomba, yale tunayoyaacha yaozee shambani baada ya kuvuna. Kisha wakachovya kitambaa cha pamba kilichotangulia kutiwa tanini na shabu. Kitambaa kikatoka na rangi ya kaki na tabia mpya. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Pamba tupu huendelea kuwaka hata kwenye asilimia 18, kwa hiyo hewa ya kawaida inaitosha na kubaki. Kile kitambaa cha kaki kilidai asilimia 30 ili kiendelee kuwaka.

Kwenye nguo inayoungua, miali hutoka kwa gesi ambazo uzi wa pamba hutoa ukipata joto kali. Chumvi za madini na fosforasi zilizomo utomvuni huifanya pamba igeuke makaa na mvuke wa maji mapema, kabla haijatoa gesi nyingi. Nguo inatoboka na kuwa nyeusi, lakini moto hausambai upesi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1821 Mfaransa Gay-Lussac, kwa agizo la Mfalme Louis XVIII, alitafuta namna ya kukinga vitambaa vya kumbi za maigizo, akatumia chumvi za amonia na boraksi. Karne ya 20 ilileta kemikali zenye nguvu zaidi, na balaa lake. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1977 nguo za kulalia za watoto zilizotiwa Tris, kemikali iliyoshukiwa kusababisha saratani. Baadhi ya kemikali za bromini zimo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm tangu 2009, kwa sababu hukaa mwilini na kwenye udongo miaka mingi. Ndipo maabara zikarudi jikoni: Texas, Marekani, walipaka pamba kitosani ya maganda ya kamba wa baharini pamoja na asidi ya fitiki, ambayo imo hata kwenye maharage yetu ya kila siku, na Turin, Italia, walijaribu protini ya maziwa.

Tatizo ni kufua. Kinga nyingi za aina hii huondoka na maji ya sabuni, na hii ya mgomba pia haiko salama na beseni. Kwa hiyo anayeota kitenge cha mama jikoni kisichoshika moto asubiri kwanza. Mimi ningeanzia kwenye vitambaa visivyofuliwa mara kwa mara: mapazia, mifuko ya magodoro, vizuizi vya vyumba katika mabweni na magereza.

Nataja magereza kwa makusudi. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 moto ulizuka katika gereza la Gitega, ukaua watu wasiopungua 38. Serikali ilitaja hitilafu ya umeme. Gereza lililojengwa kwa ajili ya watu 400 lilikuwa na zaidi ya 1,500. Sisemi kitambaa kingewaokoa. Msongamano ule hautibiwi na utomvu. Lakini mahali watu wanapolala wamebanana, dakika chache za moto kuchelewa si kitu kidogo.

Burundi inalima pamba katika bonde la Imbo, ina mabaki ya uzoefu wa kiwanda cha nguo cha COTEBU, na migomba haihesabiki. Kinachokosekana ni jaribio. Chuo Kikuu cha Burundi na taasisi ya kilimo ya ISABU wangeweza kukamua aina za migomba yetu, wapime ipi ina madini mengi, na wachome vipande vya vitambaa mbele ya mashahidi, kabla na baada ya kufuliwa. Mpaka hapo, msomaji, usipake utomvu kwenye gauni la mtoto ukadhani amekingwa. Mweke mbali na mafiga.