Duka Ndilo Lililoibeba Kriketi ya Nzega

Wahindi waliokulia miji midogo ya Tanzania bara na ambao leo wako Toronto, Vancouver au Leicester, wakianza kuikumbuka Nzega na miji jirani, hawakosi kutaja duka na kriketi. Msikilizaji huvichukua kama vipande viwili vya utoto. Mimi naona ni kitu kimoja. Kriketi ya mji mdogo ilitegemea namna biashara ya rejareja ilivyopangwa, na biashara hiyo ilipopangwa upya, mchezo ukakosa pa kushika.

Tuanze na ramani. Mfanyabiashara wa Kihindi hakuletwa Unyamwezi, nchi ya Nzega na Tabora, na Mwingereza. Musa Mzuri, mtu wa Surat kule India, alikuwa ameshajenga jina Unyanyembe, eneo la Tabora, kwa biashara ya pembe za ndovu kabla wapelelezi Waingereza Burton na Speke hawajafika mwaka 1857, na baadaye Wahindi wenzake Sewa Haji na Allidina Visram wakawa ndio wenye mtaji nyuma ya misafara mingi iliyoondoka Bagamoyo. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912. Tawi la Mwanza, lililokamilika 1928, likapitia Bukene na kuuacha mji wa Nzega kando. Ndiyo maana Nzega ikawa mji wa barabara, njia panda ya Tabora, Singida na Shinyanga. Tabora palikuwa na makarani wa serikali na wafanyakazi wa reli. Riziki ya Nzega ilikuwa maduka. Zaidi ya hayo, utawala wa kikoloni haukumruhusu asiye Mwafrika kufungua duka popote alipopenda vijijini. Alipewa kiwanja ndani ya mji mdogo uliopimwa. Bila kukusudia, serikali ikawakusanya mtaa mmoja ndugu, mabinamu na wapwa waliofanya kazi madukani, na vijana wa kutosha kuunda timu wakapatikana hatua chache kutoka kwenye kaunta.

Kriketi si mchezo wa mtu asiye na kitu. Inataka gongo, pedi, glavu, mpira wa ngozi na mkeka wa kutandika chini, maana kiangazi cha Unyamwezi hakiachi nyasi za kuchezea. Inataka pia siku nzima, na mwenye duka ana siku ya kufunga. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kuagizwa kutoka nje, na njia ya bidhaa za nje kufika mji kama huu ilikuwa ileile ya khanga, majembe na mafuta ya taa: kwa mwagizaji wa pwani, kwa muuzaji wa jumla, kisha kwa mwenye duka kwa mali kauli, deni likilipwa wakulima wakishauza pamba. Anayeaminiwa magunia ya sukari hashindwi kuaminiwa gongo.

Sasa tazama mnyororo huo ulipokatikia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha kampuni kubwa za uagizaji na kuunda Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya thamani inayozidi shilingi 100,000. Duka la bati la mji mdogo lilikuwa mbali na kiwango hicho. Mwenye jengo la ghorofa aliyempa mwenye duka mali kauli ndiye aliyeguswa. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi vijijini. Dar es Salaam, ambako biashara na klabu kubwa hazikufa, kriketi iliendelea, hata Tanzania ikajiunga na baraza la kimataifa la mchezo huo kwa jina lake mwaka 2001. Kama tatizo lingekuwa mchezo kupoteza ladha, ungepotea kote.

Kuna atakayesema ninalipamba duka, na kwamba upande wa pili wa mzani alikuwako mkulima aliyepunjwa. Hoja hiyo ni ya kweli. Vyama vya ushirika vya Paul Bomani kule Usukuma, miaka ya 1950, vilipata nguvu kwa sababu wakulima hawakuuamini mzani wa mnunuzi wa pamba. Lakini jambo hilo linaitia nguvu hoja yangu, kwa sababu linaonyesha kuwa anayelilia kriketi analilia mpangilio mzima, pamoja na sehemu zake zisizopendeza.

Mwingine atasema Mwafrika alipenda soka tu, kwa hiyo kriketi ingekufa hata maduka yangebaki. Lakini kikosi cha Afrika Mashariki kilichokwenda Kombe la Dunia la kriketi Uingereza mwaka 1975, kikafungwa mechi zote tatu, kilikuwa na Waafrika wawili wa Uganda, Samuel Walusimbi na John Nagenda. Uganda kulikuwa na shule za bweni, Budo na Mwiri, zilizoulea mchezo huo miongoni mwa Waafrika. Katika mji wa maduka tu kama Nzega, kijana Mwafrika aliyebeba magunia au kushona barazani hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia kriketi ila duka, na duka lilikuwa mali ya familia.