Mavazi ya kompyuta: jora linunuliwe baada ya arubuni

Kinachommaliza fundi wa mavazi mjini Kahama au Geita ni mtaji kulala kwenye majora yasiyo na mnunuzi. Anayebuni kwa kompyuta huuza mchoro kwanza. Mwenye shule au mkandarasi wa mgodi huona sare au ovaroli kwenye simu, hutoa arubuni, ndipo kitambaa hununuliwa.

Programu ya Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, hailipiwi. CLO, inayoonyesha nguo ikiwa imevaliwa kabla ya mkasi kugusa kitambaa, hulipiwa kwa dola. Anayeanza aiache kwanza.

Hatari ni mchoro kushonwa na fundi mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo, lakini msimu wa sare za Januari hausubiri kesi. Mchoro kamili utoke baada ya fedha.