Bunduki Zilizotia Fora Katika Njia ya Kigwa

Kigwa ni kijiji cha Uyui, mashariki ya Tabora, na leo wasafiri wengi hukipita bila kuuliza jina. Karne ya 19 mambo yalikuwa mengine. Msafara uliotoka Bagamoyo na kushika njia ya Rubuga ulipofika Kigwa ulijua kwamba Unyanyembe, nchi ya Tabora, imekaribia, na wapagazi walianza kuwaza nguo safi na ugali wa nyumbani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, katika safari ya siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, yaani Tabora. Henry Morton Stanley alipita Juni 1871 kwa mwendo wa chini ya siku 100, akakuta vita vimeiharibu Kigwa kama vilivyoiharibu Rubuga.

Stanley alikuja na bunduki ambazo wakusanyaji wa Marekani leo huzitafuta kwa udi na uvumba. Nimeziweka hapa pamoja na nyingine zilizopita njia hii, kila moja kwa fora yake. Kipimo changu si bei ya mnadani. Nauliza bunduki ilifanya nini hapa, mikononi mwa nani, na nani aliweza kuitengeneza ilipoharibika.

Iliyosifiwa kupita zote

Orodha ya silaha aliyoiandika Stanley inataja Winchester moja na Henry moja, zote mbili za risasi 16. Henry ilipata hataza Oktoba 1860, na zilitengenezwa takriban 14,000 tu. Risasi zake zilikaa katika mrija chini ya mtutu. Mpigaji alishusha wenzo na kuurudisha, ganda tupu likaruka, risasi mpya ikaingia. Mtu aliyezoea kushindilia baruti na risasi kwa mdeki kila anapotaka kupiga, angeiona kama uchawi.

Lakini itazame kwa karibu. Mrija wa Henry una ufa mrefu upande wa chini, na vumbi la njia ya kwenda Unyanyembe huingia humo. Tena haina ubao wa kushikia mbele, kwa hiyo baada ya milio kadhaa mtutu huunguza mkono. Winchester ya 1866 iliponya kasoro zote mbili: iliwekewa ubao, na mlango mdogo wa kujazia risasi ubavuni. Mwaka 1871 Winchester haikuwa na toleo jingine sokoni, kwa hiyo ndiyo hiyo iliyopita Kigwa, na kiwiliwili chake cha shaba iliyong'aa.

Kasoro moja haikuponywa na mtu yeyote. Risasi zake zilikuwa na ganda la shaba lenye fataki iliyofichwa ndani ya ukingo wa kitako. Hakuna mhunzi wa Unyamwezi aliyeweza kuzitengeneza. Zikiisha, umebaki na rungu la bei ghali.

Iliyo adimu kupita zote

Orodha ile ile inataja Starr mbili na Joslyn moja, zote za kujazwa kwa nyuma. Ni aina ya bunduki fupi walizobeba askari wapanda farasi wa serikali ya Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Stanley mwenyewe alipigana vita hivyo. Alikuwa Shiloh Aprili 1862 upande wa Kusini, akatekwa, kisha akajiunga na upande wa Kaskazini. Vita vilipokwisha, silaha nyingi za namna hiyo zilikosa kazi, nazo zikatawanyika duniani kwa njia za biashara.

Mkusanyaji wa Connecticut anaweza kuiona Joslyn katika maonyesho ya nyumbani kwake, maana ilitengenezwa huko huko, Stonington. Katika njia ya kwenda Tabora, orodha ya Stanley inataja moja tu. Kwangu hiyo ndiyo fora.

Yenye risasi nzito kupita zote

Bunduki ya tembo katika msafara huo huo ilikula risasi nane kwa ratili moja, yaani kila risasi karibu gramu 57. Tuendelee.

Zilizokuwa nyingi kupita zote

Hesabu mtutu mrefu mmoja mmoja katika orodha ya Stanley utapata bunduki 31. Za Marekani ni tano. Ishirini na nne ni za gumegume, na hizo ndizo walizobeba waungwana wa Unguja walioulinda msafara. Hapa ndipo watu wa maonyesho ya bunduki hukosea. Wanaipiga picha Winchester na kuiacha gumegume kwenye pembe yenye giza, na hali njia ilikuwa ya gumegume.

Ufanyaji kazi wake ni rahisi. Jogoo ameng'ata kipande cha jiwe. Ukivuta kilimi, jiwe hupiga kipande cha chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyo katika kisahani, moto hupita tundu dogo na kuiwasha baruti ya ndani. Inahitaji baruti na kitu kigumu cha kutupa, basi. Jiwe likichakaa hubadilishwa, kitako kikivunjika fundi huchonga kingine, na springi ikilegea mhunzi anayefua majembe huitia moto. Wanyamwezi walikuwa na wahunzi hodari, na majembe yao yalikuwa bidhaa kubwa ya soko la Tabora. Silaha iliyoingia mikononi mwa watu wa namna hiyo haikuwa mgeni kwa muda mrefu.

Wamarekani walichangia mapema kuifungua biashara ya bunduki. Mkataba wa 1833 wa Sultani Sayyid Said na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, uliwaruhusu kuuza bunduki, baruti na risasi katika bandari zake, ila Unguja kwenyewe waiuzie serikali yake tu. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta baruti pamoja na ile nguo ya pamba iliyobaki na jina la merikani hadi leo. Kufikia 1888 balozi Mwingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 za kila aina zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka.

Lakini wingi wa bunduki haukuwa ushindi. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walimwendea Mtemi Mirambo kwa nguvu kubwa, na Stanley akiwa upande wao. Waliliteka boma la Wilyankuru, wakapakia pembe na nyara, wakaanza kurudi. Mirambo na rugaruga, askari wake, waliwangoja katika majani marefu kando ya njia, wakawarukia wakiwa wameelemewa na mizigo. Kabla mwezi haujaisha Mirambo aliingia Tabora yenyewe na sehemu ya mji ikaungua. Baada ya hapo Stanley alivizunguka vita kwa kupita kusini, na ndivyo alivyofika Ujiji alikokuwa akielekea.

Kiapo kikali kupita vyote

Tarehe 22 Aprili 1876, Serombo, Stanley na Mirambo waliokuwa maadui walichanjiana damu. Manwa Sera, nahodha wa msafara, aliwakalisha wakitazamana, akawachanja miguuni na kutaja laana zitakazompata atakayevunja udugu huo: simba, nyoka, chakula kichungu, na bunduki impasukie mkononi. Katika njia iliyojaa mitutu ya bei rahisi na baruti isiyopimwa, laana hiyo ya mwisho kila mtu aliielewa. Kisha Stanley akampa nduguye mpya bastola na risasi 200.

Shehena kubwa ya asili ya Marekani

Hapa Winchester inapitwa mbali, ingawa nje ya njia ya Kigwa. Mwaka 1869 Khedive Ismail wa Misri aliagiza Remington 60,000 kutoka Ilion, New York, na bunduki hizo zikapanda Mto Nile hadi jimbo la Ikweta kwa gavana wake, Emin Pasha. Stanley alipoandaa safari ya kumwokoa Emin mwaka 1887, serikali ya Misri ilimpa Remington 510, wakati Winchester zake zilikuwa 50. Remington hupiga risasi moja tu kwa kila kujaza, ila kitasa chake cha kuzunguka kina vipande vichache na ni kigumu kuharibika. Ndiyo bunduki ya Marekani iliyoingia bara hili kwa maelfu.

Mlipuko mkubwa kupita wote

Januari 1893 Wajerumani chini ya Tom von Prince walilivunja boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe, baada ya mashambulizi ya 1892 kushindwa. Isike alijifungia katika ghala yake ya baruti na kuiwasha. Baruti aliyoikusanya miaka mingi kwa ajili ya bunduki zake ndiyo iliyokuwa silaha yake ya mwisho.

Iliyodumu kupita zote

Ni gumegume tena, pamoja na mdogo wake gobori la fataki. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini, lakini uliruhusu gumegume zisizo na mifuo, kwa masharti. Sheria iliyokusudia kuwanyima Waafrika nguvu ikairefushia maisha silaha ambayo tayari walijua kuitengeneza. Wahunzi wa magharibi ya Tanzania waliendelea kufua magobori kwa uwindaji na kulinda mashamba, karne nzima baada ya Winchester ya Stanley kukosa risasi.

Sheria nayo ina mipaka yake ya ukale. Marekani, kwa sheria ya 1968, bunduki iliyotengenezwa kabla ya 1899 huhesabiwa ya kale. Sheria yetu ya Tanzania ya Mambo ya Kale, ya 1964, huutazama mwaka 1863. Basi kwa mwaka huo peke yake, Henry ya 1862 ingekuwa ndani, Winchester ya 1866 nje.

Ukikuta mtutu wa zamani darini au shambani, polisi ndio wa kwanza kuarifiwa, na usiuelekeze kwa mtu, maana bunduki ya kujazwa mdomoni huweza kukaa na baruti yake kwa miaka mingi. Kisha waombe makumbusho waitazame kabla haijayeyushwa. Na usiisugue kwa msasa. Remington huandikwa jina la Ilion na tarehe za hataza juu ya chuma, nyuma ya jogoo, na zile zilizopitia Misri huwa na alama za Kiarabu. Kutu ikiondolewa vibaya huondoka na maandishi hayo, na hapo hakuna tena awezaye kusema bunduki ilitoka wapi.