Wotapampu Mpya, Maji Bado Yanavuja

Gari limefungwa wotapampu mpya, fundi amelipwa, na asubuhi yake kuna maji chini ya injini. Wenye magari wengi hukimbilia dukani kulalamika kuwa wameuziwa pampu feki. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi pampu ni nzima; kosa liko pale ilipoungwa na injini. Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, tafuta maji yanatokea wapi.

Acha injini ipoe kabisa. Mfumo wa kupoza hufanya kazi kwa presha ya takriban bar 1, na kwa presha hiyo maji yanaweza kukaribia nyuzijoto 120 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, yatakurukia usoni. Ikishapoa, futa eneo lote likauke, washa injini, kisha mulika kwa tochi. Usiamini mahali tone linapoangukia, kwani maji hutambaa juu ya chuma na kupeperushwa na feni. Yafuatilie kwenda juu hadi pale ulowevu unapoanzia.

Yakitoka kwenye tundu dogo lililo kwenye mwili wa pampu, sili ya ndani ndiyo inayopitisha. Matone machache mwanzoni, sili inapojikalisha, si ya kutisha. Yasipokoma, irudishe pampu dukani. Yakitoka kwenye mpira wa rejeta, kagua klampu, na mpira uliokakamaa ubadilishwe. Kama kuna oringi, ile ya zamani isifungwe tena.

Yakitoka kwenye gasketi, hapo ndipo kwenye kazi yenyewe. Mabaki ya gasketi ya zamani, hata kipande chembamba kama ukucha, huacha upenyo. Fundi anayeyakwangua kwa bisibisi huchimba michirizi kwenye alumini, na maji hupita humo humo. Atumie kikwangulio cha plastiki, asafishe mpaka uso uwe laini na mkavu, bila mafuta.

Silikoni nyingi si dawa. Inayozidi hubanwa kwenda ndani, hukatika vipande na kuziba vijia vya rejeta. Gasketi ya chuma iliyopakwa mpira kwa kawaida haihitaji silikoni kabisa. Inapohitajika, utepe wa milimita 2 au 3 unatosha. Boliti zikazwe kwa kupishanisha pande, kidogo kidogo. Zile ndogo za spana namba 10 kwa kawaida huhitaji takriban Nm 10 tu. Ukizikaza kwa nguvu zako zote utakata nyuzi au kupinda mdomo wa pampu. Boliti inayopenya hadi kwenye njia ya maji ipakwe silikoni kwenye nyuzi zake.

Kisha kuna kusubiri. Silikoni nyingi za gereji hukauka kikamilifu baada ya saa 24. Soma maelekezo ya tyubu. Ukijaza kulanti na kuwasha injini mapema, presha huisukuma silikoni mbichi na uvujaji huanza siku hiyo hiyo.

Hapa mwenye gari ana sehemu yake. Fundi anayeambiwa gari linatakiwa jioni hii hii atafunga haraka na kukukabidhi. Mwachie gari hadi kesho, kisha kagua kiwango cha kulanti injini ikiwa baridi kabla ya kwenda safari ndefu. Siku moja bila gari ni nafuu kuliko silinda hedi iliyopinda kwa joto.