Eti bustani ya samaki inajiendesha yenyewe? Waulize sato wangu!

Mwenzenu nilikuwa mpiga debe mkubwa wa akuaponiki. Kila mgeni aliyekanyaga uani kwangu Tabata nilimburuza hadi kwenye tenki la lita 1,000. "Unaona? Kinyesi cha samaki kinalisha mchicha, mchicha unasafisha maji, maji yanarudi kwa samaki. Mimi kazi yangu kula tu!"

Basi bwana, mwezi uliopita nikaenda msibani Morogoro, siku tatu. Kurudi, nikapokewa na harufu getini. Sato 50 wanaelea, matumbo juu! Umeme ulikatika usiku, pampu ikazima, hewa ndani ya maji ikaisha. Samaki waliobanana namna ile hawangoji kukuche. Na kibaya zaidi, nilishachukua nusu ya pesa za samaki wa kichen pati ya binti wa jirani. Nilishazila.

Hata hivyo sikuwa mwongo kabisa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaokaa kwenye kokoto huigeuza kuwa nitriti, nayo sumu vilevile, halafu wenzao huigeuza kuwa nitreti, na hicho ndicho chakula cha mchicha. Vijidudu hivyo havidai mshahara wala likizo. Ila vinataka wiki 4 hadi 6 kuzaliana, navyo vinahitaji hewa kama samaki, na maji ya bomba yenye klorini huviua.

Shughuli iko kwenye sahani. Kila mchicha unaokatwa na kila sato anayekaangwa huondoka na virutubisho ambavyo havirudi vyenyewe. Mtafiti James Rakocy wa Chuo Kikuu cha Virgin Islands alipiga hesabu ya gramu 60 hadi 100 za chakula cha samaki kwa kila mita moja ya mraba ya mboga, kila siku iendayo kwa Mungu. Nani anamwaga? Ni wewe! Na bado chakula hicho hakitoshelezi madini ya chuma, potasiamu na kalsiamu, hivyo inabidi uongeze.

Hata wenye mapesa yao ilibidi wahangaike. Kule Arizona, Marekani, watu 8 walijifungia mwaka 1991 ndani ya jumba la vioo la Biosphere 2, wakiwa na sato kwenye majaruba ya mpunga. Walishinda na majembe karibu kila siku, na mapema mwaka 1993 ilibidi wapulizwe oksijeni kutoka nje!

Mimi nimeanza upya na sato 20 tu, na pampu ya hewa ya betri pembeni. Jumamosi ijayo kuna arobaini Morogoro. Nimemkabidhi jirani yuleyule kopo la chakula na kumwonyesha swichi ya pampu ilipo. Kaniuliza, "Na pesa yangu je?"

Nimemwambia achume mchicha kwanza.